Mwaka Unatosha

Ana miaka hamsini na sita, ana wajukuu wawili, hasomi kitu bila miwani, na bado watu wa kwao wanamwita Kitinda. Ndiyo, kitinda mimba. Wakubwa zake walizaliwa, wakakua, wakaoa na kuolewa, wakatawanyika kila mtu na njia yake. Yeye alizaliwa mwisho, na kwa kuwa alizaliwa mwisho ikaonekana ni halali abaki mwisho. Hakuna kikao kilichokaliwa. Mambo kama haya hayana kikao, yanakuangukia tu, na siku unapogutuka ushazoea.

Chumba cha mbele ndicho anachofanyia kazi. Kuna cherehani moja, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na rundo la nguo za watu. Hashoni nguo mpya, hizo aliziacha zamani. Anarekebisha. Anapunguza suruali, anabadilisha zipu, anapanua magauni ya wanawake wanaoapa kwamba kitambaa kimesinyaa kwenye maji, na hali kitambaa hakina kosa lolote, masikini. Yeye huitikia tu, "Vitambaa vya siku hizi, shoga yangu," akapima kiuno kipya na kuandika. Nyuma ya chumba hicho kuna pazia, na nyuma ya pazia kuna mama yake.

Mama ana miaka themanini na mitatu. Mtaa mzima unamwita Bibi Dobi, kwa sababu alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na ile kumi ya mwisho alikuwa msimamizi. Miguu ndiyo iliyomtupa kwanza, kikafuata kibofu. Akili haikumtupa moja kwa moja, ila ilikuwa na tabia ya mpangaji mkorofi, leo yupo, kesho hayupo, na akiwepo haitikii hodi. Siku nyingine alitoa maneno matatu tangu asubuhi hadi jioni. Ndivyo Kitinda alivyozoea, na hapa tuseme ukweli bila kupaka mafuta, kuzungumza juu ya kichwa cha mama yake kama anavyozungumza juu ya meza.

Kibofu hicho kilikuwa na gharama ya mashuka matatu kwa siku, siku mbaya manne. Nepi za watu wazima walijaribu, zikamchubua mapajani mpaka nyama ikaonekana, wakaziacha. Kwa hiyo kilichobaki ni kufua, na anayefua ni mashine. Kaka Mkubwa, anayefanya kazi mji wa mbali, ndiye aliyeinunua miaka kumi na minne iliyopita, na hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyefanya kazi kama ile mashine, labda Kitinda. Ikifika kwenye kukamua ilikuwa inatembea. Kweli, ilikuwa inahama pale ilipo, hatua kwa hatua, ikielekea mlangoni, mpaka Kitinda aende kuisukuma kwa nyonga. "We nawe unataka kwenda wapi?" alikuwa akiiuliza. "Kama kuna pa kukimbilia niambie twende wote."

Kaka alikwishataja mara mbili zile nyumba za kutunzia wazee. Mara zote mbili jibu lilikuwa moja. "Mama haendi popote," alisema Kitinda, "maadamu mimi ni mzima na mashine ni nzima." Kaka alicheka, na mambo yakaishia hapo.

Sasa siku ya Jumatatu mashine ikafa.

Haikufa vizuri. Ilianza kwa kusaga, ikaja kunguruma, halafu ikatoa mlio wa chuma juu ya chuma uliomtoa Kitinda kwenye cherehani mbio, sindano bado iko kwenye kitambaa. Alipofika, maji yalikuwa yanatoka chini na pipa limesimama, mashuka mawili yamo ndani na povu lake. Aliyatoa kwa mkono, akayasuuza kwenye beseni, akayakamua yeye mwenyewe. Shuka la kitanda kikubwa likinywa maji lina uzito wa mtoto wa miaka miwili, na mtoto angalau anashika shingo. Alipomaliza alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono imekufa ganzi, akampigia kaka yake.

"Tengeneza au nunua mpya, mimi nalipa yote mawili," Kaka Mkubwa alisema. "Hela isikusumbue, mdogo wangu. Wewe ndiye unayejua hali ya hapo. Wewe amua."

Mtu akisikia hivyo atasema, ana bahati huyu. Kitinda naye alijiambia hivyo hivyo. Lakini alipokata simu alijisikia mnyonge kuliko alivyokuwa kabla ya kuipiga, na hakujua kwa nini.

Fundi alikuja Jumanne asubuhi. Alikuwa mtu mzima, mwenye tumbo la utulivu na mkoba wa turubai, na sifa yake mtaani ilikuwa kwamba hakuambii kitu kimekufa kama hakijafa. Aliivuta mashine mpaka chumba cha mbele, akailaza ubavuni juu ya gunia, akafungua kifuniko cha nyuma, akatazama mkanda, akazungusha pipa kwa mkono na kulisikiliza. Kisha akafungua pampu, akaingiza vidole viwili, na kuanza kutoa vitu. Akavipanga kwenye kisahani cha chai, kimoja kimoja. Vilikuwa pini, zile za kufungia, zimepinda na kushika kutu. Kumi na moja.

"Dada, wewe ni fundi nguo," alisema, "lakini hata fundi nguo hafui pini."

Kitinda alisema hapana, haiwezekani, yeye hukagua kila kitu. Kisha akakumbuka kopo lake la pini lilivyokuwa linapungua, na jinsi alivyokuwa akimsingizia binti wa jirani. Alifungua pazia. Kitanda cha mama kiligusa ukingo wa pazia, upande wa pili palikuwa na kabati la cherehani lenye kopo hilo, na mkono wa mama, mkono ule mrefu wenye vidole vilivyopauka kwa miaka ya sabuni, ulifika kwenye kopo bila taabu yoyote.

"Mama, hizi pini unaziweka wewe kwenye mashuka?"

Mama alimtazama. "La kuroweka kwanza," alisema, kama mtu anayemkumbusha mfanyakazi mgeni. "Lenye pini usilichanganye na mengine."

Kitinda aliijua hiyo. Aliisikia tangu utotoni mpaka akaichoka. Kule hospitali, shuka lililochafuka kupita kiasi lilibanwa pini kwenye ncha moja, ili msichana wa zamu alijue, aliroweke peke yake, na aitoe pini kabla ya kufua. Ndivyo alivyofundisha Bibi Dobi wasichana wote waliopita mikononi mwake. Kumbe miezi yote hii, kabla Kitinda hajaja kumtoa kitandani, mama alikuwa akipapasa shuka lake mwenyewe, anajua lilivyo, analiwekea alama. Anamwonya bintiye. Na bintiye, kwa haraka na uchovu, akilizoa furushi zima na kulitupa ndani ya pipa.

Ungedhani hapo angekaa chini afikiri. Ikiwa mama anajua shuka lilivyo, basi anajua na mengine. Lakini maji yalikuwa sakafuni, mteja alikuwa anamsubiri kwa suruali ya harusi, fundi amesimama na bisibisi, na kichwa cha mtu aliyechoka hufikiri jambo moja kwa wakati mmoja. Alirudisha pazia.

"Haya, niambie," alimwambia fundi.

"Pini zimeua pampu, hilo dogo. Kubwa ni beringi. Beringi imekwisha, na pipa limeanza kula ukuta wa mashine." Alijifuta mikono. "Kuna njia mbili. Natafuta beringi, natafuta pampu, naifunga, inafanya kazi. Lakini sikudanganyi, hii imechoka. Itakupa mwaka, mwaka na miezi, halafu ndiyo kwaheri. Au unanunua mpya. Mpya, ukiitunza, miaka minane, hata tisa."

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi?" Fundi aliitazama mashine kwa huruma. "Mimi kabla ya kuamua huwa nauliza swali moja tu. Mnaihitaji mpaka lini?"

Hakuwa na nia mbaya. Alifikiri labda wanahama, labda kuna mwana anayeoa. Kitinda ndiye aliyesikia swali lenyewe. Alisimama pale na miwani imempanda kwenye paji, na kwa mara ya kwanza akaliona wazi lile lililomnyong'onyeza tangu simu ya kaka. Hakuwa anaulizwa habari za mashine. Alikuwa anaulizwa mama yake ana muda gani.

Na alikuwa na jibu. Hilo ndilo lililomtia hofu baadaye. Jibu lilikuwepo tayari, limekaa, maana alikuwa amekwishapiga hesabu hiyo peke yake asubuhi nyingi akivua godoro nguo. Miaka minane. Akawaza mashuka matatu kwa siku kwa miaka minane, na yeye afike sitini na minne akiwa bado ameinama juu ya furushi, na mgongo huu. Kitu ndani yake kikagoma, kikakaa chini kama punda.

"Tengeneza," alisema. "Mwaka unatosha."

Alilisema kwa sauti yake ya kawaida, sauti ya kuzungumza na watu juu ya cherehani. Fundi alimtupia jicho, akalitupia na pazia, akainamia mkoba wake. Alikuwa ameelewa. Alisema beringi ya aina ile haipatikani hapo jirani, ataitafuta, atarudi Jumamosi. Alipoondoka Kitinda alirudi kwenye suruali ya harusi, akaipunguza mguu mmoja mara mbili, ikabidi aifumue.

Akajiandaa kwa siku nne za beseni. Alinunua mche wa sabuni, akatafuta glavu za mpira, akamwomba jirani kamba ya ziada ya kuanikia. Jumatano asubuhi akaingia kwa mama na ndoo, amekunja mikono ya gauni, akafunua blanketi. Shuka lilikuwa na unyevu kidogo tu, kama mtu aliyemwaga kijiko. Mchana vivyo hivyo. Alhamisi likaamka kavu kabisa. Kavu! Alilipapasa mara mbili.

"Mama, leo umenionea huruma," alisema, na mama akafumba macho.

Basi Alhamisi hiyo ilikuwa siku nzuri, nani atamlaumu? Alishona zipu sita. Alikunywa chai yake ikiwa bado ya moto, jambo ambalo hakukumbuka lini mara ya mwisho. Alimpigia Kaka Mkubwa akamwambia mama anaendelea vizuri mno, kibofu kimetulia, pengine ilikuwa dawa. Kaka akasema Mungu mkubwa. Vikombe alivyompelekea mama vilirudi vitupu, uji ulirudi nusu, lakini mama hajawahi kuwa mtu wa uji.

Ijumaa, karibu na adhuhuri, alitoka nyuma kuanika foronya mbili. Akipita chini ya dirisha la mama, lile lililo ubavuni mwa kitanda chake, aliona sisimizi. Hawakuwa wachache. Ulikuwa mstari mzima, umetoka kwenye msingi wa nyumba, umepanda ukuta mpaka kwenye ukingo wa dirisha, na wengine wanarudi. Kitinda hapendi sisimizi. Aliinama kutafuta wametokea wapi, na hapo ndipo alipoona udongo wa chini ya dirisha ulivyoloa, mweusi, na juu yake majani ya chai, yamekauka tabaka kwa tabaka. Ya leo, ya jana, ya juzi. Chai ya sukari mbili, kama mama anavyoipenda. Ilikuwa yote pale chini, wanakunywa sisimizi.

Alisimama na foronya mkononi. Alihesabu siku kurudi nyuma, na hesabu ikamfikisha Jumanne, kwenye fundi, kwenye pazia. Pazia si ukuta.

Alipoingia, mama alikuwa macho. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na ulimi ulipolamba mdomo ulitoa sauti ya karatasi. Mambo hayo yote yalikuwepo jana, na jana Kitinda alikuwa anafurahia zipu sita. Aliketi kwenye kigoda.

"Mama, kwa nini unamwaga chai?"

Kitinda alidhani mpangaji hayupo. Kisha mama akasema, polepole lakini kila neno mahali pake, "Mashine imekufa. Shuka tatu kwa mkono, kila siku. Mimi najua kazi hiyo. Inamaliza mtu."

"Mashine itatengenezwa kesho."

"Nilisikia." Mama aliupeleka mkono wake juu ya blanketi, akalinyoosha kunjo. "Itakupa mwaka. Ukasema unatosha."

Kitinda alitaka kusema hakusema. Alitaka kusema alikuwa na maana nyingine, ya vipuri, ya bei, ya fundi. Maneno yalimjia mdomoni yakiwa yamepangika vizuri, na akaona aibu hata ya kuyafungulia mlango. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama yake alikuwa amemlea bila kumdanganya, hata siku baba alipowaacha.

"Nilisema," alisema. "Nilichoka, mama. Nimechoka. Siyo na wewe." Akajirekebisha, maana hiyo nayo haikuwa kweli yote. "Hata na wewe. Siku nyingine hata na wewe."

"Najua umechoka. Nani asiyejua? Hata viatu vyako vinasema ukitembea." Mama hakuonekana kukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Sijakulaumu, mwanangu. Ila mwaka ni mrefu. Nikaona niupunguze."

Kitinda alilia. Hakulia kwa sauti, alilia kama watu wanaotakiwa kurudi kazini, na foronya ya kuanika ikamfaa kwa kitambaa. Chozi lilimtoka la mama na la kwake mwenyewe, la miaka aliyokaa na la miaka iliyobaki, maana hakuwa amepona uchovu. Miaka minane ilikuwa bado inamtisha vilevile. Kilichokuwa kimekwisha ni uwezo wake wa kuishi ndani ya nyumba ambamo neno lile limesemwa na likakubaliwa na pande zote mbili.

Aliondoka, akarudi na maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, na kijiko.

"Sina kiu," mama alisema.

"Sijakuuliza. Mgonjwa haulizwi uji."

Alimnywesha kijiko kwa kijiko, akifuta kidevu. Kikombe cha kwanza kilichukua nusu saa. Cha pili mama alikishika mwenyewe kwa mikono miwili, na Kitinda alifunga dirisha. Alimwita muuguzi wa zahanati ya mtaani aje amtazame, naye akaja, akampima, akawaachia maji ya chumvi na sukari na maneno makali ambayo Kitinda aliyapokea yote bila kujitetea.

Ndipo akampigia fundi.

"Beringi nimeipata," fundi alisema. "Nimezunguka maduka saba. Kesho asubuhi nipo kwako."

"Samahani sana, kaka. Irudishe. Nitafutie mpya."

"Una hakika? Juzi ulisema..."

"Najua nilichosema. Nitafutie ile itakayodumu kuliko zote. Na kesho usije peke yako, njoo na gari lako na hiyo mashine mpya. Uifunge hapa hapa chumba cha mbele, upande huu wa pazia, na useme kwa sauti ni ya miaka mingapi."

"Nitasema," fundi akajibu. Hakuuliza kwa nini.

Kaka Mkubwa alipopigiwa alishangaa kwamba mdogo wake kabadilisha uamuzi ndani ya siku tatu, yeye ambaye hubadilisha zipu tu. Kitinda alimweleza yote. Hakuficha sentensi yake ile, aliitaja neno kwa neno.

"Mimi nisingesema hivyo," Kaka alisema, kisha sauti ikampungua. "Mimi nilikuachia wewe ulisemee."

"Ndiyo," alisema Kitinda. "Uliniachia. Sasa mwezi ujao utachukua likizo, utakuja, utafua wewe wiki mbili."

Akakubali. Alikuwa hana pa kwenda.

Jumamosi asubuhi, kabla gari la fundi halijafika, Kitinda aliamka na mgongo wake uleule, akavaa miwani, akafungua pazia. Aliingiza mkono chini ya blanketi. Shuka lilikuwa limelowa chapachapa, kuanzia mabegani mpaka kwenye magoti, na lilikuwa limepenya hadi kwenye godoro.

Mama alimtazama, ana wasiwasi wa mtoto aliyevunja chombo. "Limelowa sana?"

"Limelowa sana, mama," alisema Kitinda, na kabla ya kulitoa akaketi kidogo, pale pale ukingoni, penye maji, akaushika mkono wa mama yake.